Presi ya mawese: nguvu iko pia kwenye urefu wa chuma

Ndugu wamemba wa koperative, wakati wa kukamua mawese tunaona jambo hili mara nyingi: vijana wanasukuma chuma cha presi wakishika karibu na vise. Wanatoka jasho, lakini mafuta yanatoka kidogo tu. Nguvu wanayo, shida ni mahali wanashika.

Kuzungusha kunategemea vitu viwili: nguvu ya kusukuma, na umbali kutoka katikati ya vise mpaka pale mkono unashika. Tunavizidisha. Kusukuma kwa kilo 40 kwenye nusu meta ni sawa na kilo 20 kwenye meta 1. Njo maana mama akishika mwisho wa chuma anaweza kushinda kijana aliyeshika karibu. Na musukume kufuata muzunguko: nguvu inayoelekea katikati haizungushi kitu.

Lakini tuangalie. Wengine wanaingiza bomba refu kwenye chuma ili wamalize mbio. Hapo nguvu inapita kipimo cha presi: vise inapindika ao meno yake yanakatika, na ngazi za koperative nzima zinaharibika zikingojea fundi.

Kwa hiyo:
- Tutumie chuma kilichokuja na presi.
- Watu wawili, mmoja kila upande, ili vise isivutwe upande mmoja.
- Tupake mawese kwenye meno ya vise.
- Ngazi zilizotwangwa ziingie zikiwa bado moto.
- Zungusha kidogo, ngoja mafuta yatiririke, zungusha tena.

Ikikataa kabisa, simamisheni, mufungue, mupunguze ngazi.