Iko mbali ao karibu? Macho yetu na ile usiku ya Nyiragongo

Bandugu, munakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021? Mbingu ya Goma ilikuwa nyekundu. Mu avenue yetu, jirani mumoja alisema lava iko hapa tu, nyuma ya nyumba. Mwingine akaapa kama iko bado kule Kibati. Nilisimama kati yao na mufuko mukononi: tukimbie ao tungoje? Wote waliangalia mwanga ule ule. Sasa, kwa nini hawakupatana?

Macho hayapimi umbali. Ni ubongo ndio unakisia, kwa kufuata alama. Ya kwanza ni macho mawili. Yameachana karibu sentimetre 6, kwa hiyo kila moja linapata picha tofauti kidogo, na ubongo unazilinganisha. Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha hiyo mwaka 1838 kwa chombo chake cha vioo. Jaribu weye: funga jicho moja, kisha ingiza uzi mu sindano. Utateseka! Lakini kitu kikiwa mbali sana, zile picha mbili zinafanana, na hiyo njia haisaidii tena.

Hapo ubongo unatafuta alama zingine: kitu gani kinafunika kingine, ukubwa tunaoujua tayari, na hali ya hewa. Njo maana kisha mvua, hewa ikiwa safi, Nyiragongo inaonekana kama iko Majengo. Vumbi ikija, inaenda mbali. Mulima haujahama.

Hata ukubwa tunajifunza kuusoma. Miaka ya 1950, Colin Turnbull alitoka na Kenge, Mbuti wa pori la Ituri, mupaka uwanda wa Ziwa Edward, hapa kwetu Kivu Kaskazini. Kenge aliona nyati za mbali, akauliza ni wadudu gani. Hakuwa mujinga: mu pori miti inafunga macho karibu. Sisi nao tukiingia mu pori yake, tutapotea mbele yake.

Turudi ku ile usiku. Mwanga mwekundu hauna ukubwa unaojulikana, na giza ilikuwa imefunika nyumba na miti. Alama zote zilikuwa zimezimika. Ni vile vile na taa moja barabarani usiku: ni moto ya karibu, ao gari ya mbali yenye taa moja imekufa?

Sisi ba agronome shamba tunapima na dekametre, hatukisii. Basi usiku, pigia simu mutu aliye kule juu. Na barabarani, ngojea ile taa ipite kwanza.