Kiungo cha Shaba na Chuma Katika Friji: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Friji iliyojazwa gesi leo na kupoteza ubaridi baada ya wiki chache huwa inavuja. Mojawapo ya sehemu zinazostahili kuchunguzwa kwanza ni pale bomba la shaba linapoungana na bomba la chuma, hususan karibu na kompresa.

Mafundi wengi hulehemu mabomba ya shaba kwa fimbo yenye fosforasi, kwa kuwa ni nafuu na, kwa shaba tupu, haihitaji fluksi. Haifai kwa chuma. Fosforasi huungana na chuma na kufanya utando usiostahimili mtikisiko, ambao hupasuka kompresa inapotetemeka. Kiungo cha shaba na chuma huhitaji fimbo ya fedha isiyo na fosforasi, pamoja na fluksi.

Hata hivyo, fimbo ya fedha nayo haishiki isipotandaa. Ikiyeyuka juu ya metali safi, huenea na kuingia katika mwanya. Ikikuta mafuta, kutu au oksidi, hujikusanya matone kama maji juu ya jani la gimbi. Ili itandae, fundi anapaswa:

1. Kufuta mafuta kwanza, kisha kusugua kwa msasa hadi metali ing'ae. Msasa ukitangulia, hueneza mafuta.
2. Kuacha mwanya mwembamba, takriban milimita 0.05 hadi 0.15, na kupaka fluksi kabla ya kuwasha moto.
3. Kupasha moto mabomba, wala si fimbo. Shaba husafirisha joto upesi kuliko chuma. Hivyo moto uelekezwe ili vyote viwili vifikie joto pamoja. Fimbo yenye fedha asilimia 56 na bati kidogo huyeyuka kikamilifu karibu nyuzi 650 za Selsiasi. Moto ukizidi au ukikawia, fluksi huishiwa nguvu na oksidi hurudi.
4. Kuosha mabaki ya fluksi kwa maji ya moto, kwani hula metali.

Kwa usalama wako, gesi iondolewe kabla ya moto kuwashwa. Gesi ya R600a, iliyomo katika friji nyingi za kisasa, hushika moto. Madirisha yafunguliwe. Kataa fimbo yenye kadmiamu, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Kazi ikikamilika, itazame. Kiungo kizuri kina ukingo laini usiokatika kuzunguka bomba lote. Mabonge si ishara ya uimara. Mara nyingi huonyesha kwamba fimbo haikutandaa. Omba kiungo kipimwe kwa shinikizo la naitrojeni, kamwe si oksijeni, ambayo inaweza kulipuka ikikutana na mafuta ya kompresa. Dai risiti inayotaja kazi iliyofanyika, na usilipie gesi kwa mara ya pili kabla chanzo cha uvujaji hakijabainishwa.