Fahamu: Mbunge anavyombana waziri kwa swali

Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Iwe zahanati isiyo na dawa au kata isiyo na Mahakama ya Mwanzo, mlango ni huo.

Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, wizara ikaandaa jibu; mara nyingi naibu waziri ndiye hulisoma. Kwa hiyo utamu, kwangu mimi, uko kwenye swali la nyongeza. Mbunge husifu kwanza “majibu mazuri” (hata yasipokuwa mazuri), kisha huuliza: lini? Ahadi ikitoka, inabaki kwenye Taarifa Rasmi za Bunge.

Alhamisi ni zamu ya Waziri Mkuu kujibu maswali, papo kwa papo.