Sefu Haliingii Nyumbani kwa Wingi wa Watu

Hapa Likasi, mtu akishanunua sefu kubwa, jambo la kwanza ni kutafuta vijana. Wanakuja sita, wanane, pengine kumi, kutoka Kikula au Panda. Wanapatana bei, wanalizunguka, wanalipigapiga kwa viganja na kusema hilo ni dogo. Kazi yangu miaka yote imekuwa kuhamisha vitu vizito, na ninaogopa kundi hilo kuliko ninavyoogopa uzito wenyewe.

Hesabu inayowadanganya ni hii: kilo 400 kwa watu wanane ni kilo 50 kila mmoja, sawa na mfuko wa saruji, na mfuko wa saruji kila kijana anaubeba. Lakini mfuko wa saruji una mahali pa kushika, unalala begani, na ukikushinda unautupa. Sefu halina mshikio. Ubavu wake ni bapa na unateleza, kwa hiyo watu wote wanang'ang'ania ukingo wa chini, wameinama, vidole viko kati ya chuma na sakafu. Mmoja akiteleza, mzigo wake unamwangukia wa jirani bila taarifa, na jirani huyo hakujiandaa. Kisha wanafika mlangoni. Mlango una upana wa sentimita 80 na sefu lina 60. Hakuna anayeweza kupita ubavuni. Wale wanane wanabaki wanne, wawili mbele na wawili nyuma, kila mmoja na kilo 100, tena pale pale penye kizingiti.

Sababu ya watu kutaka masefu naielewa vizuri. Mwaka 1993 tulibadilishiwa zaire 3,000,000 kwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Aliyepitia hayo hakabidhi akiba yake kwa mtu mwingine kwa moyo mwepesi. Tena noti kubwa kabisa ya faranga ni ya 20,000, kwa hiyo mauzo ya siku moja ya duka la kawaida yanajaza mfuko. Masefu yenyewe yako ya namna mbili. Kuna mapya ya bati jembamba, ya kilo 60 au 80, ambayo watu wawili wanayaingiza ndani bila shida. Na wezi wawili wanayatoa vile vile. Na kuna ya zamani, yaliyokuwa katika ofisi na maduka tangu mji huu ukiitwa Jadotville. Hayo yana ngozi mbili za chuma, na katikati yamejazwa zege au vitu vingine vya kuzuia moto. Baadhi ya masefu ya zamani yana asbesto humo ndani, kwa hiyo usikubali fundi yeyote atoboe ukuta wake ili kupunguza uzito au kuweka ndoano. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki.

Katika ardhi hii yetu ya Katanga vimewahi kupita vitu vizito kuliko sefu lolote. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwapiga Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Wakasafirisha boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli hadi Lubumbashi ya leo na kuendelea hadi Fungurume. Huko reli ikaishia, na mbele yao ilikuwa milima ya Mitumba. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa na mamia ya vibarua, lakini boti hazikupanda milima mabegani mwa watu. Zilivutwa juu ya magari yao ya kubebea kwa injini za mvuke, kwa ng'ombe, kwa kamba na kapi zilizofungwa kwenye miti. Vibarua walikata njia, wakajenga madaraja zaidi ya 100 na kuchota maji ya injini. Mwezi Oktoba boti zikafika ziwani. Nawaeleza vijana habari hii kwa sababu inaonyesha kazi ya mikono ni ipi: kutengeneza njia. Mzigo wenyewe uachie ardhi na kamba.

Tuchukue sefu la kilo 400, kimo sentimita 120, upana 60, kina 50, na nyumba ya kawaida ya katikati ya mji, yenye barza na ngazi tatu mbele, jumla sentimita 45. Ukiliburuta sefu hilo juu ya saruji, itakubidi kuvuta kwa nguvu ya karibu kilo 200. Ukiliweka juu ya mabomba ya chuma yanayobingirika juu ya mbao, unahitaji chini ya kilo 20. Watu wawili wanatosha, na mmoja wao anaweza kuwa mzee kama mimi.

Sefu lenyewe halikai vizuri juu ya mabomba, maana lina miguu, na miguu inanasa. Tunalitengenezea kitako cha mbao mbili nene zenye urefu wa mita moja, zilizounganishwa kwa vipande viwili vya kukingama, na tunalifunga hapo kwa mikanda ya magari. Ili kupanda juu ya kitako hicho, sefu linainuliwa kwa mtaimbo, upande mmoja, sentimita mbili tu. Mwenzako anasukuma kipande cha ubao chini yake kwa kutumia kijiti. Kwa kijiti, si kwa vidole. Kisha upande wa pili, sentimita mbili nyingine. Ni kazi ya polepole, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna wakati wowote ambapo sefu linaweza kuanguka zaidi ya unene wa ubao mmoja.

Mabomba yawe angalau manne, ya inchi 2, marefu kuliko upana wa kitako, na wakati wote matatu yawe yamebeba. Bomba likitoka nyuma, msaidizi analichukua na kulipeleka mbele. Ukitaka kukata kona, usilisukume sefu ubavuni; ligonge bomba la mbele kwa nyundo ndogo mpaka likae mshazari, na sefu litalifuata lenyewe.

Kwenye ngazi mambo yanabadilika, na hapa ndipo hata mafundi wazuri wanapopotea. Unalaza mbao mbili nene za mita 3 kutoka chini hadi kwenye barza, na katikati yake unapanga vipande vya mbao vya kuzitegemeza ili zisipinde. Mteremko unakuwa karibu nyuzi 9. Wengi wanaendelea kutumia mabomba, kwa kuwa yanavutika kirahisi. Mimi nayaondoa. Juu ya mabomba kamba ikikatika sefu linarudi chini lote, na hakuna binadamu wa kulizuia. Kitako kikiteleza ubao juu ya ubao mkavu, utavuta kwa nguvu ya kilo 180 hivi badala ya 75, lakini kamba ikikatika sefu linabaki pale pale lilipo. Msuguano ndio breki yako. Basi usipake sabuni wala mafuta, na usifanye kazi hii mbao zikiwa zimelowa. Subiri kiangazi ukiweza.

Kuvuta tunatumia tirfor, ile winchi ya mkono yenye kebo ya chuma. Ile ndogo ya kilo 800 inatosha kabisa, na ukiuachia mkono wake, kebo inashikwa. Usiifunge kwenye nguzo ya barza. Nguzo nyingi ni matofali yaliyopangwa tu. Pitisha boriti ndefu ndani ya nyumba, ikingame mlango mzima na kuegemea ukuta pande zote mbili, kisha ufunge hapo. Chini ya mteremko asisimame mtu, hata wa kusaidia kusukuma, na mwenye kutoa amri awe mmoja.

Jambo jingine ni mlango wa sefu uelekee wapi. Mlango unaweza kuwa robo ya uzito wote au zaidi, kwa hiyo kitovu cha uzito kiko mbele, labda sentimita 18 kutoka usoni na 32 kutoka mgongoni. Sefu la namna hiyo likiinamia mbele linapinduka kwenye nyuzi 17 hivi. Likiinamia nyuma linavumilia hadi 28. Ukilipandisha mlango ukitazama chini, mteremko umekwisha kula nyuzi 9 na unabakiwa na 8. Ukiugeuza mlango utazame juu, unabakiwa na 19. Hilo litakulazimu kuligeuza sefu likishafika chumbani. Ligeuze.

Sakafu ikaguliwe kabla ya siku yenyewe. Gonga vigae kwa sarafu: penye mlio wa uwazi patapasuka. Katika nyumba za zamani zege la chini ni jembamba, na mchwa wa huku wamechimba njia zao chini yake. Weka bamba la chuma la milimita 10 juu ya mota mbichi, chini ya miguu ya sefu. Ubao usiuache hapo, mchwa watakushukuru. Ghorofani nakataa: sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na sefu hili linabana zaidi ya 1,300.

Hata usiri unahitaji watu wachache. Vijana kumi ni familia kumi zinazojua sefu liko chumba gani. Watatu unaowafahamu, turubai juu ya mzigo, lori likirudishwa nyuma hadi usawa wa barza ikiwezekana, na kazi imekwisha kabla ya adhuhuri.

Likishakaa, lifunge kwa boliti kwenye zege la sakafu, si ukutani, hasa kama ukuta ni wa matofali mabichi. Na mpaka boliti zikazwe, mlango usifunguliwe wazi, hata kama mwenye nyumba anataka kuona ndani. Mlango ule ukifunguka wote, uzito wake unasogea mbele ya miguu, na sefu lililovuka ngazi salama linaweza kumwangukia mtu aliyesimama kulitazama. Watoto watolewe chumbani kabla ya ufunguo kugeuzwa.