Wema wa Mtoto Huanzia Mikononi

Mtu mzima anaanika nguo. Kibanio kinamponyoka na kuanguka, naye anakinyooshea mkono asikifikie. Mtoto wa miezi 18 aliyekuwa akimtazama anajongea, anakiokota na kumkabidhi, ilhali hakuahidiwa chochote. Ndivyo ilivyokuwa katika majaribio ya Felix Warneken na Michael Tomasello wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, yaliyochapishwa mwaka 2006. Kati ya watoto 24, watoto 22 walisaidia walau mara moja. La kustaajabisha zaidi, mtu huyo alipokitupa kibanio kwa makusudi, watoto kwa kawaida hawakujishughulisha nacho. Walikuwa wameitambua haja yake.

Mzazi, basi, hupokea mbegu iliyokwisha kuchipua. Yampasa kuipalilia, na kabla ya hapo ajihadhari asiikanyage.

Hukanyagwa hata kwa zawadi. Mwaka 2008 watafiti haohao walichapisha uchunguzi wa watoto wa miezi 20. Waliozoeshwa kupewa kichezeo kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma, wakapitwa na walioshukuriwa kwa maneno, na hata na wale ambao hawakupewa lolote. Anayeahidiwa pipi ili amgawie mwenzake hujifunza biashara. Anayechapwa kwa sababu amempiga mdogo wake naye hujifunza kwamba mkubwa ana ruhusa ya kupiga. Maneno yanayofuatana na fimbo hayo hayasikii.

Kinachoipalilia mbegu hiyo kimekwisha kuchunguzwa karibu nasi. Beatrice na John Whiting, katika kitabu chao cha mwaka 1975 kuhusu watoto wa jamii sita duniani, waliwaeleza watoto wa Nyansongo, katika nchi ya Wagusii magharibi mwa Kenya. Hao walilea wadogo zao na kusaidia kazi za nyumbani na shambani tangu utotoni, na walikuwa miongoni mwa waliodhihirisha zaidi tabia ya kujali na kusaidia. Carol Ember naye, mwaka 1973, aliandika kuhusu wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za wasichana. Walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wavulana wengine, hata katika saa ambazo hawakuwa wakifanya kazi hizo. (Wanaoona aibu mvulana kumbeba mdogo wake mgongoni walitafakari hilo.)

Simaanishi mtoto wa miaka sita aachiwe kichanga kutwa nzima. Huo ni mzigo, tena ni hatari. Lakini wa miaka mitatu aweza kumletea mama nepi, au kumpelekea bibi kikombe cha maji. Maji yatamwagika njiani, nayo yaachwe yamwagike. Akimnyang'anya mwenziwe mwanasesere, kabla ya kumshurutisha kutamka "samahani" asiyoielewa, aelekezwe autazame uso wa anayelia, aambiwe kwa nini analia, kisha aulizwe afanye nini.

Wako pia watoto ambao kilio cha mwenzao hupita kana kwamba hakikusikika, na pengine kweli hakikusikika. Mtoto wa miezi 18 ambaye haitikii aitwapo jina lake, au hajaanza kunyoosha kidole kuwaonyesha wengine kitu, apelekwe kliniki akapimwe masikio na kuangaliwa hatua zake za ukuaji, ikiwamo uwezekano wa usonji, kabla hajabandikwa jina la mkaidi.