Kichwa kinachokuja ghafla: si kila shingo ngumu ni malaria

Malaria imetuzoesha vibaya hapa Mara. Mtu akilalamika kichwa, iwe Sirari, Nyamongo au Mugumu, tunakimbilia duka la dawa. Mara nyingi tunapatia. Lakini yapo maumivu ya kichwa ambayo kuyasubiri hadi kesho ni kumpoteza mgonjwa.

Haya huja kama mtu kapigwa rungu kisogoni, na hufikia ukali wake wote kwa muda mfupi sana. Mgonjwa hutapika, hukimbia mwanga, pengine huzimia. Baada ya saa kadhaa shingo hukakamaa. Hapo utasikia malaria imepanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na wengine watasema jini. Tazameni mwanzo wake: magonjwa hayo kwa kawaida huja na homa, hili humkuta mtu mzima wa afya anachota maji au anatawadha.

Ukuta wa mshipa chini ya ubongo hudhoofika, ukatuna kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Uvimbe huo huitwa anyurizimu. Ukipasuka, damu aghalabu hutapakaa kuuzunguka ubongo. Lakini haifuati njia moja. Huweza kuingia ndani ya ubongo wenyewe, mgonjwa akapooza upande na kudhaniwa ana kiharusi cha kawaida. Mara chache hukusanyika chini ya utando mgumu, kama ya mtu aliyeanguka. Nyingine huonekana ndani ya jicho, mgonjwa akizinduka haoni vizuri. Daktari wa macho Mfaransa, Albert Terson, alilieleza hilo mwaka 1900.

Wapo wanaopata onyo: kichwa kikali siku kadhaa kabla, kikapoa, watu wakasahau. Au ukope mmoja unaanguka ghafla.

Msimpe aspirini wala diklofenaki, huzidisha kutoka damu. Msimuumike, hijama ina siku yake. Asiye na fahamu alazwe ubavu, asinyweshwe kitu. Hospitalini semeni kilianza saa ngapi, na kwamba kilianza ghafla, kisha ulizieni kipimo cha CT Scan. Kikifanyika ndani ya saa 6 ni nadra damu kukikwepa. Bugando, Mwanza, kipo. Upasuaji wa ubongo hufanyika MOI, Dar es Salaam. Safari ni ndefu, na hatari ya kuvuja tena ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo.

Presha na sigara ndivyo vichochezi vikubwa. Mwenye presha asiache vidonge mwezi wa Ramadhani bila kumwuliza daktari wake. Na ndugu wawili wa familia moja wakipatwa, waliobaki nao wakapimwe.