Maumivu ya Shingo na Mgongo: Kabla Hujatoa Fedha Yako

Abebaye ndoo kichwani, aendeshaye bodaboda mchana kutwa na ainamiaye kompyuta ofisini, wote huenda wamewahi kuamka wakashindwa kugeuza shingo au kuinuka bila kushika kiuno. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Penye wagonjwa wengi kiasi hicho hapakosi wauzaji, na ndiyo sababu tumeliweka suala hili katika kijitabu hiki.

Kwa walio wengi maumivu haya hayatokani na ugonjwa mkubwa. Ni misuli, kano na viungo vilivyoelemewa, na mara nyingi nafuu kubwa hupatikana ndani ya wiki sita. Kwa hiyo dawa yoyote iliyotumiwa katika wiki hizo huonekana kuwa ndiyo iliyoponya, na shuhuda za wateja zapasa kusikilizwa kwa kukumbuka hilo.

Kulala kitandani siku nyingi, ushauri waliopewa wazee wetu wengi, hakupendekezwi tena, kwani misuli inayoushikilia uti wa mgongo hulegea upesi. Tembea kadiri uwezavyo. Lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, inua makalio taratibu, hesabu hadi tano, kisha shusha. Rudia mara kumi. Kwa shingo, keti wima na urudishe kidevu nyuma pasipo kuinamisha kichwa, kana kwamba unajitenga na mtu anayekusemesha kwa karibu mno. Misuli kukaza kidogo si hatari. Maumivu yakianza kushuka mguuni au mkononi, acha zoezi na umwone mtaalamu.

Mtaalamu wa fiziotherapia hupima nguvu, hisia na mwendo wako kabla ya kukupangia mazoezi. Una haki ya kuona leseni yake na kujua gharama na idadi ya vikao. Anayetaka vikao ishirini vilipiwe kabla hajakupima, muage kwa heshima. Kuchuliwa na mwenye mafunzo huweza kuleta nafuu, lakini wapo vinyozi wanaomalizia huduma kwa kuzungusha shingo ya mteja hadi ialike. Likataeni jambo hilo: ni nadra, lakini mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo huweza kuchanika, na kiharusi kikafuata. Kuhusu mikanda ya kiunoni, mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2023 hauipendekezi kwa maumivu sugu ya mgongo.

Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, ila huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mjamzito asizitumie bila ushauri wa daktari. Hofu yetu kubwa ni vidonge na unga usio na lebo vinavyouzwa ndani ya mabasi kwa jina la mitishamba. Mamlaka za nchi mbalimbali zimewahi kukuta steroidi zimechanganywa kwa siri katika bidhaa za namna hiyo. Mgonjwa hupata nafuu ya haraka na kumsifu muuzaji, kumbe akiendelea kuzitumia sukari yake hupanda na mifupa ya mgongo uleule hudhoofika.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukiziba au kutoka bila kujizuia, miguu ikikosa nguvu, au maumivu yakianza baada ya ajali. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kinatibika kwa dawa, lakini kikicheleweshwa huweza kupoozesha miguu.

Ukidhurika na dawa, usitupe kasha wala risiti. Viwasilishe kwetu au katika kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kasha.